Ibada ya nyumbani isiyokufa kabla ya Kwaresima: mwongozo kamili kwa familia

Ibada ya familia huanzishwa Januari kuliko mwezi mwingine wowote. Watu wametoka mkesha wa mwaka mpya, baba au mama ametangaza kwamba mwaka huu nyumba itamtafuta Mungu, na wiki ya kwanza wote wanakaa sebuleni kweli. Kwaresima ikifika, Biblia imerudi juu ya kabati. Kinachoiua kwanza ni urefu. Kuimba nyimbo nne, kusoma sura nzima, kuhubiriwa na mzazi aliyechoka kisha kuombea mataifa yote ni mzigo ambao hata mzee wa kanisa habebi kila usiku. Kinachoiua pili husemwa kidogo: ibada imegeuzwa baraza la kesi. Mtoto aliyevunja sahani mchana anajua kabisa kwamba somo la usiku litamhusu.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Nyakati nne zimetajwa hapo, na hakuna hata moja iliyo kanisani. Mwongozo huu unafuata nyakati hizo, ukianza na ile ya kuketi, kwa sababu hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Umeandikwa kwa nyumba ya kawaida ya mjini au kijijini: watoto wa shule, pengine dada wa kazi, bibi aliyekuja kutibiwa, televisheni moja, na mtu mmoja anayerudi amechelewa kwa sababu ya foleni.

Saa na mahali

Usitafute saa mpya. Ibandike ibada kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku bila kukumbushana, na katika nyumba nyingi jambo hilo ni chakula cha jioni. Anzeni mara mtu wa mwisho anapomaliza kula, kabla vyombo havijaondolewa. Watu wakishainuka tu, mmoja ataingia bafuni, mwingine atashika simu, na kuwakusanya upya kutachukua muda kuliko ibada yenyewe.

Saa mbili usiku haifai kama nyumba yenu hutazama taarifa ya habari. Mtashindana nayo na mtashindwa. Saa moja na nusu ni nzuri kwa nyumba yenye watoto wa shule ya msingi, maana mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule hana akili ya kusikiliza kitu saa tatu. Kama baba au mama hufika saa tatu, msimsubiri. Anzeni na waliopo, naye apewe kazi nyingine, ile ya asubuhi au ya Jumapili, itakayoelezwa chini. Ibada inayomsubiri mtu mmoja hufanyika siku ambazo mtu huyo yupo tu, na siku hizo huzidi kupungua.

Chagueni siku tano kwa wiki, si saba. Kama Jumatano mna jumuiya na Ijumaa kuna mazoezi ya kwaya, siku hizo zihesabiwe kuwa zimejaa. Jumuiya hata hivyo haichukui nafasi ya ibada ya nyumbani moja kwa moja: kule majirani wapo, na mtoto hatasema mbele yao kwamba anamwogopa mwalimu wa hesabu.

Vifaa

Biblia moja yenye maandishi makubwa ya kusomeka kwa taa hafifu, maana umeme hukatika. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi na ndiyo yenye maneno ambayo watu wazima wanayajua kwa moyo. Kwa mtoto wa darasa la tatu lugha yake ni ngumu, kwa hiyo Biblia Habari Njema humfaa zaidi. Familia ya Kikatoliki itafute toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina, ili masomo ya Tobiti au Yoshua bin Sira yasipotee. Msiwe na Biblia tatu tofauti mikononi mwa watu watatu usiku mmoja. Watu wataacha kusikiliza na kuanza kulinganisha maneno.

Kitabu cha nyimbo cha kanisa lenu. Kaunta buku moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu kalamu isiyofungwa haitakuwepo siku ya tatu. Kikapu cha kuwekea simu, zikiwa zimezimwa sauti, na ya mzazi iwe ya kwanza kuingia. Mzazi anayesoma Biblia kwenye simu anaonekana na watoto kama mtu anayechati, hata kama anasoma Isaya.

Dakika kumi na mbili

Kwa wiki sita za kwanza msizidishe dakika kumi na mbili, hata kama siku hiyo moyo umewaka. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: wimbo dakika mbili, kusoma dakika tatu, mazungumzo dakika nne, maombi dakika tatu. Mtu mmoja ashike saa, na mtu huyo awe mtoto. Atakuwa mkali kuliko wewe.

Wimbo uwe ubeti mmoja au miwili, na wimbo mmoja urudiwe wiki nzima. Kufikia Ijumaa hata mtoto wa miaka minne anaujua bila kitabu. Msibadilishe wimbo kila siku kwa kuogopa kuchosha. Watoto hupenda kurudia, ni watu wazima wanaochoka.

Anayesoma asimame au aketi pale mwanga ulipo, na awe ameonyeshwa somo mapema mchana. Mtoto anayekwama kwenye "Nebukadreza" mbele ya kaka zake wanaocheka hatataka kusoma tena mwezi mzima. Asiyejua kusoma, bibi au mtoto mdogo, apewe kazi ya kurudia sentensi moja aliyoisikia. Bibi mara nyingi atawashangaza kwa kuimalizia aya kabla msomaji hajafika.

Msome nini, kwa utaratibu gani

Msianze Mwanzo sura ya kwanza kwa nia ya kufika Ufunuo. Mwanzo inasomeka vizuri, nusu ya kwanza ya Kutoka pia, kisha mnaingia Kutoka 25 na vipimo vya hema: mikono miwili na nusu, vitanzi, vitako vya fedha. Baada ya hapo kuna Walawi. Familia nyingi zimezikwa jangwani humo.

Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16 na ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, na mambo yake yanakwenda mbio. Someni tukio moja kwa usiku, yaani aya kumi hivi, mkifuata vichwa vidogo vilivyochapwa katikati ya sura. Aya zake zote zinakaribia 680, kwa hiyo kwa siku tano za wiki mtaimaliza ndani ya wiki kumi na nne au kumi na tano. Baada ya Marko chukueni Ruthu, sura nne tu, habari ya mkwe na mkaza mwana wanaoshikamana wakati wa njaa na msiba. Kisha Yona, sura nne pia. Halafu habari ya Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, mkiruka sura ya 38 kama watoto ni wadogo. Hiyo ya Yusufu ni dawa kwa nyumba yenye ndugu wanaooneana wivu, na ni onyo kwa mzazi mwenye kipenzi chake. Siku ambayo wote wamechoka kupita kiasi, someni aya tatu za Mithali: kitabu kina sura 31, basi chukueni sura ya tarehe ya siku hiyo.

Wakatoliki wanaopenda rozari wanaweza kuiweka mahali pa somo. Rozari ya mafumbo matano huchukua kama dakika ishirini, ambazo ni nyingi kwa mtoto wa chekechea. Salini fumbo moja kwa usiku, Baba Yetu na Salamu Maria kumi na Atukuzwe Baba, mkifuata siku: mafumbo ya furaha Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, ya mwanga Alhamisi. Haya ya mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, ndiyo maana bibi anaweza kuwa hana habari nayo au hayapendi. Msibishane naye.

Walutheri wana Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo Martin Luther aliiandika hasa kwa ajili ya wenye nyumba kuwafundishia watu wa nyumbani mwao. Ina sala fupi ya asubuhi na ya jioni. Wengi wameifungia kwenye darasa la kipaimara, wakati mahali pake pa kwanza ni mezani.

Mazungumzo: hapa ndipo ibada hupona au hufa

Ulizeni maswali matatu tu, yale yale kila usiku, mpaka yawe desturi. Kumetokea nini? Ungekuwepo, ungekuwa nani? Kesho kuna nini nyumbani au shuleni kinachofanana na hiki?

Chukua Marko 2:1-12, watu wanne wanaomteremsha mgonjwa kupitia darini. Swali la kwanza hujibiwa haraka. La pili ndilo lenye utamu: mmoja atasema angekuwa wa kamba, mwingine angekuwa yule mwenye nyumba, na kuna mtoto atakayeuliza nani alilipia dari. Usimnyamazishe. Ni swali zuri, na linaweza kuwafikisha mahali ambapo hakuna mahubiri yangewafikisha: msaada wa kweli huharibu kitu cha mtu, muda wake au fedha zake, na lazima mtu akubali gharama hiyo. Swali la tatu lisilazimishwe. Kama hakuna jibu, nyamazeni kidogo kisha ombeni.

Au Marko 4:35-41, dhoruba ziwani. Yesu amelala juu ya mto wa kulalia, na watoto huushika huo mto mara moja: mtu aliyechoka kweli, aliyelala chombo kikijaa maji. Kijana wa miaka kumi na sita ataisikia tofauti, hasa kama ada haijalipwa: kwa nini Mungu analala? Wanafunzi wenyewe waliuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali, na hawakufukuzwa chomboni.

Makosa matatu ya mzazi katika dakika hizi nne yanajulikana. La kwanza ni kujibu swali lake mwenyewe kabla ya mtoto kuvuta pumzi. Hesabu kimyakimya hadi kumi. La pili ni kulenga: "Kama huyu mwana mpotevu, wapo wengine humu ndani." Kosa la mtoto lizungumzwe naye peke yake, mchana, chumbani, na lisirudi usiku likiwa limevaa aya. Paulo aliwaambia akina baba katika Wakolosai 3:21 wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa, na kuchokoza kwa Biblia ndiko kunakokaa moyoni muda mrefu zaidi. La tatu ni kujifanya unajua. "Hilo silijui, tutamwuliza mchungaji Jumapili" ni jibu la heshima, mradi Jumapili mkamwulize kweli.

Maombi na ile kaunta buku

Kila mmoja aombe sentensi moja, kwa zamu, kuanzia mdogo. Sentensi moja inamwokoa mwenye aibu na inamdhibiti mwenye maneno mengi. Asiyetaka kuomba aseme "Amina" na zamu ipite bila maoni.

Katika daftari chora safu nne: tarehe, jina la anayeombewa, ombi, kilichotokea. Ombi liwe dogo na lenye mwisho unaoonekana. "Mungu ibariki familia" haina siku ya kujibiwa. "Mama mdogo apate kitanda hospitali kabla ya Alhamisi" inayo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi funueni kurasa na kujaza safu ya nne. Andikeni na yale ambayo hayakutokea: "alifariki", "hakupata kazi". Daftari lenye majibu mazuri peke yake watoto wataliacha kuliamini wakifika kidato cha pili, na pamoja nalo wataacha mengine.

Yachungeni maombi yasigeuke kuwa umbea. "Tumwombee dada wa jirani, maana mumewe amehamia kwa yule mwanamke wa saluni" ni taarifa ya habari yenye Amina mwishoni. Ombeni "amani katika nyumba ya jirani", basi. Wala msitumie maombi kama fimbo. "Bwana, mguse huyu mtoto aache uvivu wa kuosha vyombo" inamfundisha mtoto kwamba Mungu yuko upande wa mama tu.

Kuhusu ugonjwa kuna jambo la kushika bila mzaha. Mwombeeni mgonjwa na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mtu asiache ARV, dawa za kisukari, za presha au za kifafa kwa sababu ameombewa, haijalishi nani ameomba. Kama kuna uponyaji, vipimo vitauonyesha na daktari ndiye atakayepunguza dawa.

Asubuhi na njiani

Kipande hiki ni kifupi na huzaa kuliko vyote. Mtoto akiwa mlangoni na begi mgongoni, weka mkono kichwani mwake na useme: "Bwana akubarikie, na kukulinda." Ni mwanzo wa baraka ya Hesabu 6:24-26, na yote haizidi nusu dakika. Huhitaji kufunga macho wala kusimamisha pikipiki. Hii ndiyo kazi ya yule mzazi anayerudi saa tatu usiku: asubuhi yupo.

Fanya hivyo hata siku ambayo mmegombana kuhusu soksi. Hasa siku hiyo.

Njiani usihubiri. Kumbuka jambo moja kutoka daftarini: "Leo ndiyo siku ya mtihani wa rafiki yako, sivyo?" Mtoto ataelewa kwamba kilichoombwa usiku hakikuishia usiku.

Kulala, na jua kutua

Waefeso 4:26 inataka jua lisichwe na uchungu bado upo. Wanandoa huisoma vibaya na kukesha hadi saa nane wakitafuta nani mwenye haki, wote wakiwa na usingizi na hasira. Mkishindwa kumaliza, ahirisheni kwa mkataba: "Hili halijaisha, tutalimaliza kesho baada ya chakula, na sikuachi." Kisha someni Zaburi 4:8 na mlale. Uchungu huanza kupungua pale mtu anapojua kwamba kesi ina tarehe.

Msamaha wa mzazi kwa mtoto una hatua zake, na ukikosea mpangilio unaharibika. Taja kosa kwa jina lake: "Nilikuita mjinga mbele ya wageni." Usiweke "lakini" baada yake, neno hilo hufuta yote yaliyotangulia. Sema lilivyomwumiza, au muulize. Tengeneza kinachoweza kutengenezwa, mathalani kuwaambia wageni wale wale kwamba ulikosea. Halafu nyamaza. Usidai akusamehe papo hapo wala usimkumbatie kwa nguvu. Wako wazee watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akitubu atajifunza neno "toba" kama anavyojifunza jina la mto wa nchi ya mbali.

Kipigo ni suala jingine. Mume anayempiga mke, au mtu mzima anayemgusa mtoto vibaya, hatatuliwi kwa ibada ya nyumbani wala kwa kumwambia aliyeumizwa abebe msalaba. Atoke kwanza, awe salama. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya. Mchungaji au katekista aambiwe baada ya hapo.

Fedha

Familia husali pamoja miaka na kukosana kwa sababu ya bahasha. Siku fedha inapoingia, wanandoa wakae dakika ishirini, televisheni ikiwa imezimwa, na waandike kwa mpangilio huu: kodi na chakula, ada, madeni, wazazi kijijini, sadaka na ahadi ya kanisa, kisha mengine. Wapo watakaosema fungu la kumi ndilo la kwanza. Wakubaliane wenyewe wawili; kinachokatazwa ni mmoja kuamua peke yake madhabahuni. Wekeni kiwango, tuseme shilingi 50,000, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukipita kwenye mchango wa ujenzi au harambee kabla ya kumwambia mwenzake.

Anayetoa ada ya mtoto au dawa ya mama yake kuwa "mbegu" asome Marko 7:9-13. Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Na mhubiri anayetaka utume fedha kwa simu ndipo muujiza ufunguliwe, mwambie hapana na ukate.

Mtoto asipewe sadaka mlangoni mwa kanisa. Hapo anabeba tu fedha ya baba. Kama hupewa shilingi 2,000 kwa wiki, apewe Ijumaa, na aamue mwenyewe kiasi cha kutenga. Akitenga sifuri, mwache. Wiki ya tatu au ya nne huwa anabadilika, na asipobadilika mna jambo la kuzungumza.

Jumapili na dada wa kazi

Jumapili huharibiwa Jumamosi. Nguo zipigwe pasi, viatu vioshwe, na nyama ichemshwe Jumamosi jioni. Familia inayofika kanisani ikiwa imegombana kuanzia kitandani hadi kwenye daladala imeshachoka kabla ya wimbo wa kwanza. Mchana, mezani, ulizeni kitu kimoja: neno gani la mahubiri unalikumbuka? Majibu mengine yatakuwa kuhusu kofia ya mtu. Cheka, endelea.

Sasa yule dada. Anakaa wapi wakati wa ibada? Kama anaosha vyombo jikoni huku nyie mnaimba sebuleni, watoto wanajifunza somo la ukubwa wa ajabu kila usiku. Aitwe, aketi kiti kile kile kama wengine, asome kwa zamu, ombi lake liandikwe daftarini. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja mtumwa na mjakazi waziwazi, wapumzike "vile vile kama wewe". Kwa hiyo awe na siku ya kupumzika kila wiki, ya kwenda kanisani kwake au kulala, na mshahara wake ulipwe tarehe mliyokubaliana. Kama ni Mwislamu, asilazimishwe kukaa. Apewe nafasi na muda wa kuswali.

Nyumba yenye makanisa mawili, au dini mbili

Mume Mkatoliki na mke Mlutheri hujikwaa kwanza kwenye Baba Yetu: mmoja anasema "ufalme wako ufike", mwingine "ufalme wako uje", na mwishoni mmoja ameshasema Amina wakati mwenzake anaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Usiku mmoja salini kwa namna moja, usiku wa pili kwa nyingine. Watoto watajua zote mbili na hawatapungukiwa kitu. Mambo ya ubatizo, ekaristi na watakatifu msiyajadili katika zile dakika nne. Yana muda wake, wazazi wawili peke yao.

Mwenzi akiwa Mwislamu, au hana dini, ibada isifanywe kwa siri wala kwa kumpigia kelele. Mwambie saa, mkaribishe mara moja, usimkaribishe kila siku. 1 Wakorintho 7:12-14 inamwambia mwamini asimwache mwenzi asiyeamini anayekubali kukaa naye. Wakati wa Ramadhani sogezeni ibada isigongane na futari, na watoto wasaidie kuandaa.

Vijana, na mzazi aliye mbali

Kijana wa kidato cha tatu akisema haamini tena, usimtoe kwenye ibada na usimfanye awe mada ya ibada. Mpe kazi isiyohitaji kukiri chochote: kushika gitaa, kuandika daftari, kuchagua somo la wiki. Mwonyeshe Zaburi 13, inayoanza kwa kumwuliza Mungu atamsahau mtu hata lini, na yule baba wa Marko 9:24 aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kama msiba ndio uliomfikisha hapo, usimwambie Mungu alimpenda bibi zaidi. Atakuuliza kama Mungu hampendi yeye.

Mzazi anayefanya kazi Muscat au Dubai yuko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo saa moja na nusu ya nyumbani ni saa mbili na nusu kwake. Kupiga simu ya video kila usiku hushindikana: zamu, mtandao, bando. Atume ujumbe wa sauti wa dakika moja, akisoma aya mbili za somo la siku inayofuata, nao uchezwe mahali pa msomaji mara mbili kwa wiki. Apigiwe picha ya ukurasa wa daftari kila Jumamosi. Kama yuko Oman, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na makanisa mengi kule hukutana Ijumaa, hivyo simu ndefu iwe siku hiyo.

Ikikatika

Itakatika. Mitihani, wageni, malaria, au safari ya mazishi Kilimanjaro ambayo ilikuwa ya siku tatu ikawa ya wiki mbili. Mkirudi, msifidie siku zilizopita na msisome sura tano kwa mpigo. Msitafute wa kulaumiwa. Fungueni pale palipo na alama, imbeni ubeti mmoja, someni aya kumi. Kama imekatika zaidi ya mwezi, punguzeni iwe siku tatu kwa wiki na dakika nane, mkaongeze taratibu. Kila baada ya wiki sita waulizeni watoto wenyewe: nini kiondolewe? Wakisema hotuba ya baba, iondolewe.

Siku ambayo hamna nguvu kabisa, wote mkiwa mmesimama jikoni, saa nne imeshapita na umeme umekatika, salini Baba Yetu mara moja mkalale. Siku hiyo nayo iandikwe tarehe yake kwenye kaunta buku.